Mlango Nilioula

Ndugu msomaji, tuliachana mimi nikiwa nimeshika pazia na mke wangu ameshika sanduku.

Kwa aliyekosa: mimi ni seremala, na chumba changu cha kulala hakikuwa na mlango. Tangu tuoane tulitundika pazia la muda. Lilipochakaa tukanunua jingine, la muda pia. Siku ile upepo uliliinua pazia wakati msoma mita wa maji amesimama ukumbini na mke wangu anabadilisha nguo. Msoma mita aliaga bila kusoma mita.

Mke wangu hakupiga kelele. Alikunja nguo zake taratibu kama mtu anayekwenda harusini.

"Siku utakayotundika mlango, nitarudi," alisema. "Mlango wa mbao. Wa maneno ninao tele."

Akaenda kwa mama yake.

Sasa nisikilizeni yaliyofuata, na msinihukumu kabla hamjafika kwenye maini.

Jambo la kushangaza ni kwamba mbao za mlango nilikuwa nazo. Mbao ngumu, safi, nilizozinunua mimi mwenyewe na kuzipanga nyuma ya karakana, vijiti katikati zipitishe hewa, mabati juu zisipigwe na mvua. Mke wangu alikuwa akinisaidia kuzigeuza zikauke sawasawa. Alizijua kama mtu anavyojua mbuzi wake. Moja ilikuwa na fundo lililofanana na jicho, na kila akiigeuza aliisalimia.

"Hujambo? Bado unamngoja bwana fundi?"

Zilikauka. Zikaendelea kukauka. Zikafika mahali ubao ukigongwa kwa kidole unalia kama ngoma. Na mimi bado nilikuwa najipanga.

Mke wangu alikuwa akiniambia, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Mimi namjibu, "Haraka haraka haina baraka." Akisema, "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako," nasema, "Subira huvuta heri." Lugha yetu ina huruma kwa watu kama mimi. Kwa kila methali inayokufukuza kitandani, kuna nyingine inayokuwekea mto.

Lakini nikisema kweli, siri yangu ilikuwa hii: mimi nilikuwa na kibarua. Kibarua huyo ni mimi wa kesho. Ah, huyo alikuwa mtu! Hachoki, haumwi kiuno, anaamka kabla ya jogoo, anapenda kazi. Kila kazi nzito nilimwekea yeye. Tatizo lake lilikuwa moja tu. Kila asubuhi nilipoamka kumtafuta, nilijikuta niko peke yangu.

Basi, mke wangu alipoondoka nikasema, kesho naanza mlango.

Kesho yake akaja mwenye bucha.

Bucha yake inatazamana na karakana yangu, ng'ambo ya barabara. Aliingia na aproni yake, kifurushi mkononi, akapita moja kwa moja mpaka nyuma.

"Fundi, hizi mbao zinangoja nini?"

"Zinakauka, mzee."

"Zinakauka? Zimekauka mpaka zinakohoa! Mimi nataka kaunta. Ile yangu imeoza, na mkaguzi wa afya amesema akirudi akaikuta, anafunga duka."

"Hizo zina kazi yake."

"Kazi gani?"

"Mlango wa nyumbani kwangu."

"Unautengeneza lini?"

Nikakuna kichwa. "Nikishajipanga."

"Basi wakati wewe unajipanga, mbao zifanye kazi. Mbao zingine si zipo mjini? Au miti imekwisha duniani?"

Halafu akakifungua kile kifurushi juu ya meza yangu ya kazi.

Yalikuwa maini. Mazima, yanang'aa, bado yana joto.

"Haya ya leo," alisema. "Na kila jioni, fundi, utapita kwangu. Sisemi mara moja. Kila jioni, mpaka wewe mwenyewe useme basi."

Wasomaji, tangu mke wangu aondoke nilikuwa nakula mkate mkavu na chai ya rangi. Upande mmoja kulikuwa na mlango ambao haujakuwepo, wa mke ambaye hayupo, kwa siku ambayo haijafika. Upande wa pili kulikuwa na maini. Maini yalikuwepo. Yalikuwa yananitazama.

Nikayakaanga kwa vitunguu.

Na hapa ndipo nilipojishangaa. Kaunta ile niliimaliza siku hiyohiyo. Mimi, ambaye stuli ya mguu mmoja mbovu ilikaa kwangu mpaka mwenyewe akahama mji! Nilipiga randa, nikachonga, nikaunga, nikasugua msasa, na jioni kaunta ilikuwa imesimama buchani, watu wanaipapasa. Jicho la fundo nililiweka mbele, katikati, likawa linawatazama wateja.

Jioni ya pili nikapita buchani. Nilipewa mapupu.

Jioni ya tatu nilipewa mifupa, na maelezo marefu kuhusu bei ya ng'ombe.

Iliyofuata, mwenye bucha alikuwa anafuta kaunta. Hakuinua hata kichwa.

"Njoo kesho, fundi."

Nilisimama pale kidogo. Sikukasirika. Ni vigumu kumkasirikia mtu anayeongea kwa sauti yako.

Nilipovuka barabara kurudi, nilikuta gari dogo limeegeshwa mbele ya karakana, limebandikwa herufi kubwa ya mwanafunzi mgongoni. Ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Anafundisha watu kuendesha magari, na amefundisha muda mrefu kiasi kwamba hata akiwa amekaa sebuleni mguu wake wa kulia huwa unatafuta breki.

"Shemeji," alisema bila kushuka, "Jumamosi wanakuja. Dada na mama. Wanakuja kuuona mlango."

"Mlango gani?"

"Ndilo hilo swali nililoambiwa nisilirudishe nyumbani." Akazima injini. "Sikiliza. Baba yetu ameshapaka rangi chumba cha dada cha zamani. Amenunua na godoro jipya. Unaelewa maana ya godoro jipya? Mama ndiye aliyemshika mkono dada akamwambia, tumjaribu mara moja tu, Jumamosi. Mlango ukiwepo, anabaki kwako. Usipokuwepo, mimi nimeambiwa nije na gari lenye nafasi, nibebe vilivyobaki."

"Vyote?"

"Mpaka sufuria. Na hatarudi tena, shemeji. Hilo kalisema yeye, si mama."

Akawasha gari, akaangalia kioo cha kushoto, kioo cha kulia, akaondoka.

Siku hiyohiyo nilikimbia kwa muuza mbao.

"Nataka mbao za mlango na fremu. Zilizokauka."

"Zilizokauka zimekwisha. Hizi hapa ndizo zilizopo."

Niliugusa ubao mmoja. Kidole kilitoka na unyevu.

"Hizi mbichi."

"Mbichi? Fundi, hizi juzi zilikuwa mti. Ndege aliyelala juu yake mpaka sasa anautafuta." Akanitazama kwa huruma. "Zipange pembeni, miezi kadhaa tu, zitakuwa nzuri sana."

"Nina mpaka Jumamosi."

"Basi tengeneza kitu kisichofungwa wala kufunguliwa."

Kila seremala anajua, na mimi najua kuliko wengi kwa sababu nilijifunza peke yangu kwa kuharibu: ubao mbichi haujatulia. Ukiutengeneza leo unakubali, unatii, unapendeza. Kesho unaanza kukauka, na katika kukauka unajikunja upendavyo. Mbao ni kitu pekee katika kazi yangu kinachodai kungojwa. Na mimi, bingwa wa kungoja, mbao zilizongojwa nilizila, halafu nikaenda kununua zisizongojwa.

Nilitengeneza mlango. Nikaweka fremu, nikaweka bawaba na kitasa, na kwa kuwa chumba ni kidogo na kitanda ni kikubwa, nikaufanya ufungukie nje, ukumbini. Ulikaa kwenye fremu yake kama yai kwenye kikombe. Siku nzima nilikuwa naufungua na kuufunga. Niliingia chumbani bila sababu. Nilibisha hodi kwangu mwenyewe.

Kesho yake, kona ya juu ilikuwa inasugua.

Kidogo tu. Kwiii. Nikaangalia: mhimili wa fremu, ule ubao wa wima upande wa kitasa, ulikuwa umeanza kujikunja ndani huku juu. Dawa yake ilikuwa rahisi. Kuchomoa mhimili ule, kuunyoosha au kuweka mwingine, na kupiga randa kona ya mlango. Kazi ya asubuhi moja.

Nikachukua sabuni ya kufulia nikaipaka kona. Mlango ukateleza, kimya, tamu. Nikasema Jumamosi ikipita nitautengeneza vizuri, kwa nafasi. Yule kibarua wangu wa kesho nilimwona kabisa akiitikia kwa kichwa.

Jumamosi wakaja.

Mama mkwe aliingia wa kwanza, kitenge begani, pochi kwapani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Habari za upweke?"

"Nzuri, mama."

"Haziwezi kuwa nzuri. Uko wapi huo mlango?"

 Mke wangu alisimama mbele ya mlango akauwekea kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Akasogeza pua.

"Ndizo mbao zetu?"

"Ndizo."

Nakiri hapa mbele yenu: uongo ndicho kitu pekee ambacho sikuwahi kukiahirisha.

Akanitazama kidogo. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu siku ya pazia, nikaona shavu lake linataka kucheka.

"Mama, twende ndani tuufunge," alisema. "Nataka nisikie kunavyokuwa."

Waliingia wote wawili. Mlango ulikuwa mgumu kidogo, akauvuta kwa mikono miwili, sabuni ikafanya kazi yake, ukaingia.

Paf!

Kimya. Halafu nikasikia sauti ya mama mkwe huko ndani: "Kumbe kuna nyumba humu!" Wakacheka. Mke wangu alicheka. Shemeji akanipiga bega.

"Umepita mtihani, shemeji. Leseni yako hiyo."

Kisha kitasa kikazungushwa. Kach. Kach kach.

"Mume wangu, mbona haufunguki?"

"Sukuma."

"Nasukuma."

"Sukuma kwa bega."

"Nasukuma kwa mama mzima!"

Nilishika mpini nikavuta kutoka nje. Shemeji akanishika kiuno naye akavuta. Mbao mbichi hazishiki skrubu. Mpini ulitoka, na sisi sote wawili tukakaa ukumbini, mpini mkononi mwangu.

Dirishani kuna nondo. Nilizichomelea mwenyewe, tena vizuri, maana siku ile mke wangu alinilipa papo hapo kwa chakula cha mchana. Nikagonga pini za bawaba zikatoka zote. Mlango ukaendelea kusimama kana kwamba bawaba zilikuwa pambo. Fremu ilikuwa imeushika huku juu kama mdai amshikaye mtu shati sokoni.

"Mume wangu." Sauti ya mke wangu ilikuwa imeshuka.

"Naam."

"Huu mlango unatoka jasho."

"Ni joto."

"Unanuka kama msitu. Nimepapasa kila ubao huku ndani. Jicho liko wapi?"

Nikajipangusa vumbi la sakafu.

"Ile mbao yenye jicho. Liko wapi?"

Shemeji akanitazama. Nikatazama ule mpini.

"Buchani," nikasema.

"Wapi?"

"Ng'ambo ya karakana. Mwenye bucha alitaka kaunta."

Mama mkwe akapaza sauti. "Kaunta ile mpya? Yenye jicho mbele? Mimi jana nimenunua nyama pale! Nimeisifu! Nimemwambia yule bwana, aliyekutengenezea hii ni mtu wa kushika ahadi!"

"Alikupa nini?" mke wangu aliuliza.

"Maini."

"Maini?"

"Na mapupu."

"Mapupu," alirudia, polepole, kama mtu anayeweka kitu chini kisivunjike. "Mbao nilizogeuza kwa mikono yangu. Umezila."

"Nilikuwa na njaa."

"Na mimi nilikuwa na mlango."

Shemeji alikuna kidevu. Si mtu wa kusema mabaya, ila kazi yake imemzoesha kusahihisha.

"Unajua tatizo lako, shemeji? Pa kukanyaga mafuta unashika breki, pa kushika breki unakanyaga mafuta. Gari lako halina ubovu wowote. Ni miguu."

 Alikuwa ameniambia kwa neno moja kile nilichokuwa nakizunguka maisha yangu yote.

Nikaanza kupima. Nilisema nirudi karakana nikalete randa ndogo, na kamba, na chaki, nichore mstari, niangalie uwezekano wa kuutoa mhimili bila kuumiza mlango. Kama fremu ingelowekwa maji labda ingelegea. Kama tungengoja jioni, hali ya hewa ikipoa...

"Mume wangu," mke wangu alinikata. "Mama anataka kwenda uani."

"Sasa hivi?"

"Alikuwa anataka tangu mlipoanza kuvuta. Anaona haya kusema."

"Mwambie asifikiri sana," mama mkwe alisema kwa mbali, sauti ya mtu aliyebana magoti.

Nikachukua msumeno. Ulikuwepo, umetundikwa pamoja na keekee nyuma ya mlango wa jiko. Nikaweka meno yake kwenye ubao, kisha nikasimama.

"Nikiukata, mlango hakuna," nilisema.

"Najua."

"Ulisema utarudi kwenye mlango."

"Nilisema."

"Na nisipoukata?"

"Mama yupo humu."

Shemeji alikuwa ameshatoa funguo za gari mfukoni. Sidhani alifanya kwa ubaya. Aliambiwa aje na gari lenye nafasi, na yeye ni mtu wa kufuata maelekezo. Nje niliona ameshakunja viti vya nyuma.

Maisha yangu yote nilidhani siku nitakayofanya jambo papo kwa papo, jambo hilo litanipa kitu. Sasa nilikuwa na jambo la kufanya papo kwa papo, na lilikuwa linaninyang'anya.

Nikatoboa kwa keekee, usawa wa kiuno, juu kidogo ya kitasa. Nikaingiza msumeno. Sikupima. Sikuchora mstari. Nilikata mlango wangu kwa haraka ambayo mwenye bucha angeionea wivu, na ubao mbichi ule ulikatika kwa uvivu, unatema unga mzito, unyevu, kama mtu anayelia bila kutaka kuonekana.

Kipande cha chini kilianguka ukumbini. Cha juu kilibaki kimeshikwa na fremu, hakitikisiki.

Mama mkwe alitoka kwa kuinama chini ya kile cha juu, pochi kwapani. Alipita mbele yangu haraka bila kunitazama, akageuka mara moja tu.

"Baba, maini yalikuwa matamu?"

"Yalikuwa matamu, mama."

"Angalau," akasema, akaelekea uani.

Mke wangu hakutoka.

"Dada, njoo," shemeji aliita. "Gari liko tayari."

 Kipande cha juu cha mlango kilimficha uso na kifua. Kutoka nilipokuwa nimesimama na msumeno wangu, niliona sketi yake na miguu tu. Ilitembea mpaka kitandani. Godoro likalia. Akakaa.

"Mke wangu," nikasema.

Kimya.

"Kesho..." nilianza, nikaling'ata neno lile kabla halijatoka lote. "Sasa hivi. Niambie nifanye nini, sasa hivi."

Miguu ilitulia. Kisha nikaona mikono yake inashuka taratibu kutoka juu, inafika kwenye kamba za viatu, inazishika. Vidole vilikuwa vinafanya kazi pale, bila haraka, kiatu cha kwanza, halafu cha pili.

Nilikodoa macho. Kwa umbali ule sikuweza kujua kama anazifungua au anazikaza.